Mgeni Njoo: Mazungumzo juu ya Matema, Penye Milima na Ziwa

 

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mahali palipo padogo katika ramani, lakini pakubwa machoni pa mtu aliyefika. Mahali hapo ni Matema, kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Kyela. Wageni huenda huko, wa nchi yetu na wa nchi za mbali, na wengi wao ni watu wapendao kutembea milimani kwa miguu. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi tulikwenda Matema kutazama milima na maji, tukarudi na swali. Mgeni akija, mwenyeji hupona kwa kitu gani? Tena, je, hupona siku zote? Hilo ndilo tutakalo kulitafuta pamoja nanyi.

Kwanza tuwaonyeshe mahali penyewe. Mtu atokaye Mbeya hushika njia ya kusini, akapanda na kushuka vilima mpaka Tukuyu, mwendo wa yapata kilomita 70. Hapo huuona mlima Rungwe, ambao kimo chake hukaribia mita 3,000. Kisha njia hushuka, na joto huzidi, hata akafika uwanda wa Kyela. Huo ni uwanda wa mpunga, na mchele wake wajulikana nchi nzima kwa harufu yake nzuri. Kuna kakao, na migomba mingi, na michikichi. Mito mikubwa huukata uwanda huo ikienda ziwani: Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, na Kiwira, na Mbaka, na Lufilyo. Msafiri hupita Ipinda, akaelekea mashariki, na mbele yake huona ukuta. Ukuta huo ni milima ya Livingstone. Haipandi polepole kama vilima vingine, bali huinuka ghafula kutoka majini, na vilele vyake hupita mita 2,000 juu ya bahari. Mahali uwanda unapokwisha, na ukuta unapoanza, na ziwa linapogusa vyote viwili, ndipo palipo Matema.

Ziwa lenyewe ni refu, yapata kilomita 580 toka kaskazini hata kusini, na kina chake penye shimo kubwa chapata mita 700. Maji yake hutoka kwa mto Shire, yakaingia mto Zambezi, yakaenda Bahari ya Hindi. Ndani yake mna aina za samaki zaidi ya 500, na nyingi katika hizo hazipatikani po pote pengine duniani. Dk. Livingstone alilifikia ziwa hili kwa upande wa kusini mwaka 1859, lakini pembe hii ya kaskazini hakuifika. Milima ilipewa jina lake na Wazungu wenziwe waliomfuata. Wenyeji walikuwa wakiipanda na kuishuka zamani za kale, kabla jina hilo halijatamkwa huko.

Basi sisi, watu watatu, hatukutaka kufika Matema kwa gari. Tulitaka kufika kwa miguu, kutoka juu. Ilikuwa mwezi wa Julai. Tulitoka Mbeya kwa basi, tukaiacha njia ya Tukuyu pale Isyonje, tukapanda uwanda wa juu wa Kitulo. Uwanda huo u juu sana, yapata mita 2,600, na asubuhi za Julai majani hufunikwa na jalidi nyeupe kana kwamba mtu amemwaga unga. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake, maana wakati wa mvua nchi yote huchanua, na watu wamepaita Bustani ya Mungu. Sisi hatukuyaona maua hayo, kwa kuwa tulikwenda wakati wa kiangazi. Atakaye maua na aende kati ya Desemba na Aprili, naye akubali kulowa.

Sababu moja ya kuihifadhi Kitulo yafaa kukumbukwa. Baadhi ya maua yale yana viazi vidogo chini ya ardhi. Watu walikuwa wakivichimba kwa wingi na kuvipeleka Zambia, ambako hufanywa chakula kiitwacho chikanda. Kila kiazi kikichimbwa, ua limekufa. Aliyechimba alipata fedha kidogo, na mlima ukapungukiwa.

Kutoka Kitulo tulifika Bulongwa, katika nchi ya Wakinga, tukalala. Jioni ile mwenzetu mmoja, aliye kijana, alisema hapana haja ya kumtafuta kiongozi wa njia, kwa kuwa simu yake ilikuwa na ramani. Mwenye nyumba tuliyofikia, mtu mzima, alicheka kwa upole, akasema, "Mwanangu, ramani yako yaijua njia. Je, yaujua ukungu?" Tukanyamaza. Asubuhi alituletea mtu wa makamo, aliyezaliwa huko huko, tukapatana naye ujira kabla ya kuinua mguu.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi kwa baridi kali. Kwa saa mbili za kwanza hatukuona kitu kwa ukungu. Njia iligawanyika mara nyingi, hii ikaenda shambani, hii kisimani, hii ukingoni pa genge. Kiongozi wetu hakusita hata mara moja, na kijana wetu mwenye simu alianza kutembea karibu karibu naye. Ukungu ulipofunguka, tuliliona ziwa chini yetu, mbali sana, la rangi ya buluu iliyokoza, na ng'ambo yake milima ya Malawi kama moshi. Tulisimama kimya. Kiongozi naye akasimama, wala hakutuharakisha, ingawa yeye ameliona ziwa hilo maisha yake yote.

Tukiwa tumeketi pale, alitueleza asili ya njia ile. "Ninyi mwaona hii ni njia ya kutembelea," akasema. "Wazee wetu waliiona ni njia ya jembe." Naye alisema kweli. Zamani Wakinga walikuwa wahunzi wa sifa. Walichimba mawe yenye chuma milimani, wakayayeyusha, wakafua majembe na mikuki. Chini uwandani Wanyakyusa walikuwa na chakula tele, lakini chuma hawakuwa nacho. Kandokando ya ziwa walikuwapo Wakisi, ambao nchi yao ni mawe na mteremko, haina shamba la kutosha, bali wanawake wao walijua kufinyanga vyungu kuliko wote. Basi jembe lilishuka, chungu kilikwenda uwandani, na chakula kilirudi milimani na pwani ya ziwa. Kila mmoja alikuwa mgeni wa mwenziwe, na kila mmoja alimponya mwenziwe. Habari hizo ziliandikwa pia na Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930 wakiuliza na kusikiliza.

Twaomba wanafunzi walitie jambo hili moyoni. Njia nyembamba mlimani aghalabu si kazi ya mbuzi tu. Ni kitabu. Nyayo za wachukuzi wa miaka mingi ndizo zilizouandika.

Tulishuka siku nzima. Magoti yalituuma kuliko mapafu, maana kushuka kwachosha kwa namna yake. Tuliacha sweta, kisha koti, hata tukabaki na mashati yaliyolowa jasho. Misonobari iliisha, tukaingia msituni, na chini ya msitu tukakuta migomba na miembe. Asubuhi tulipumua mvuke wa baridi, na jua lilipokuwa likitua tulikanyaga mchanga wa Matema wenye joto. Mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa wadogo waitwao usipa alituamkia, "Ugonile." Kiongozi wetu alitufundisha kuitika, na tulipopewa maji ya kunywa alitufundisha kushukuru, "Ndaga." Maneno mawili tu, lakini watoto waliosimama mbali wakitutazama walicheka, wakakaribia.

Matema ina mchanga mpana, nyumba za wavuvi, hospitali na kanisa. Wamisioni wa Berlin, Walutheri, walifika pande hizi mwaka 1891, nao Wamoravian wakafika Rungwe mwaka ule ule. Serikali ya Wajerumani nayo iliweka kituo chake cha kwanza katika ufuo huu, chini ya milima, wakakiita Langenburg. Baadaye walihamia juu penye hewa ya baridi, wakapaita Langenburg Mpya, ndipo Tukuyu ya leo. Siku hizi zimo nyumba za kulala wageni za namna mbalimbali, kwa mwenye fedha nyingi na kwa mwenye chache. Usiku mgeni sharti alale ndani ya chandarua, maana malaria ya ufuoni si mchezo. Tena aulize wenyeji kabla ya kuoga ziwani. Penye maji yaliyotulia na matete huweza kuwa na kichocho, na kwenye mlango wa mto Lufilyo kuna mamba na viboko.

Siku ya pili tulitaka kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi, kilicho kusini ya Matema chini ya milima. Watu huenda huko kwa mtumbwi, ukifuata ufuo. Tulichelewa kuamka kwa uchovu, tukafika kwa mwenye mtumbwi saa saba mchana. Ziwa lilikuwa shwari kama kioo. Mzee yule alilitazama, akatazama kusini, akasema, "Leo haiwezekani. Njoni kesho alfajiri."

Tuliona ajabu, tena tulikasirika kidogo. Tulikuwa na siku chache tu. Mwenzetu mmoja akaongeza fedha. Mzee akakataa. Akaongeza tena. Mzee akajibu bila ukali, "Wanangu, fedha hizo nazihitaji, sikatai. Lakini mlimani ukichoka waketi. Ziwani ukichoka utaketi wapi?"

Tukaenda zetu tukinung'unika, tukaketi chini ya mwembe. Haikupita saa moja na nusu, upepo wa kusi ukaanza. Kwanza tuliona mstari mweusi mbali juu ya maji. Kisha mawimbi yakaja, makubwa kama ya baharini, yakavunjika mchangani kwa kishindo. Pale kwenye njia ya Ikombe, ambapo mlima umesimama ndani ya maji, tuliona povu likirushwa juu ya mawe. Pale hapana mchanga wa kukimbilia. Hatukusemezana neno. Kila mmoja alikuwa akiutafuta kwa macho mtumbwi ambao tungekuwa ndani yake.

Jioni tulirudi kwa mzee, tukamwomba radhi. Alituchekea tu, akatuambia tulale mapema.

Alfajiri ziwa lilikuwa shwari tena. Mtumbwi wa mti mmoja ulioochongwa ukatuchukua chini ya ukuta wa mlima, na jua lilipochomoza tulikuwa tumefika Ikombe. Wanawake walikuwa kazini. Mama mmoja alituruhusu kuketi na kutazama. Udongo alikuwa amekwisha upondaponda na kuukanda mpaka ukawa laini kama unga wa mkate. Hakuwa na gurudumu. Alikizungusha chungu kwa mkono mmoja na kukiinua kwa mkono wa pili, na ukingo wake ulitoka mviringo kamili. Kando yake vilikuwapo vyungu vilivyokwisha kukauka, vimepakwa udongo mwekundu na kutiwa nakshi nyeupe, vikingojea moto.

Tulimwuliza bei ya chungu kimoja kidogo. Alitaja fedha zisizofika gharama ya chakula cha mchana tulichokula mjini Kyela. Kijana wetu, kwa mazoea ya sokoni, akasema, "Mama, tupunguzie, tupe kwa nusu."

Mama hakukasirika. Aliuweka udongo chini, akafuta mikono, akaanza kuhesabu vidole. "Siku ya kwanza nimechimba udongo, nikaubeba. Siku ya pili nimeuponda. Siku ya tatu nimefinyanga. Kisha kimekauka siku kadhaa, nami nakigeuza ili jua lisikipasue. Kisha kuni. Kisha moto. Vingine hupasuka motoni, mwanangu, wala moto haunirudishii kitu. Kisha mtumbwi mpaka sokoni. Haya, niambie, nusu gani nikuondolee?"

Kijana hakuwa na jibu. Alitoa bei kamili, na mkono wake ulipokipokea chungu, alikishika kwa mikono miwili.

Vyungu hivyo hupelekwa kwa mitumbwi mpaka Lyulilo, kijiji kilicho karibu na Matema, ambako siku ya Jumamosi huwa na soko. Kutoka hapo husafiri kwa magari hata Mbeya na miji ya mbali, na bei huzidi kila vinapobadilisha mikono. Chungu kilichouzwa kwa bei ndogo ufuoni huweza kuuzwa kwa bei kubwa mjini, na yule aliyekifinyanga haioni nyongeza hiyo.

Sasa turudie swali letu. Mgeni akija, mwenyeji hupona kwa kitu gani? Sisi twaona kwamba hakuponyeshwa kwa sababu tu mgeni amekuja. Mgeni aweza kuja, akakanyaga njia ya wahunzi bila kuijua, akapiga picha za mama mfinyanzi bila kumwamkia, akanunua chungu kwa nusu, akaacha chupa za maji msituni, akaondoka. Huyo hakumponya mtu. Amefanya kama mchimba viazi vya Kitulo: amechukua, na mahali pamepungua.

Kuna methali ya pili, nayo mwaijua: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Tulipokuwa tukirudi tuliifikiri sana, kwa sababu tulikuwa tumeshuka kwa njia ya jembe. Mgeni wa siku hizi hawezi kupewa shamba alime. Lakini lipo jembe lake. Amchukue kiongozi mwenyeji wa njia, wapatane ujira mapema, naye amlipe kikamilifu. Aamkie kabla ya kutazama, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Alipe bei ya kazi. Takataka alizokuja nazo aondoke nazo. Na mwenye mtumbwi akisema leo haiwezekani, asiongeze fedha, maana anamtia katika majaribu mtu mwenye watoto wa kulisha. Si kila mhitaji angeweza kukataa kama mzee wetu alivyokataa.

Na mwenyeji naye analo jembe lake. Maarifa yake ni mali. Kuujua ukungu, kuujua upepo, kuujua udongo, hayo hayapatikani katika ramani yo yote, nayo hayafai kutolewa bure wala kudharauliwa na wenyewe. Twawasihi ninyi vijana wa Kyela, na wa Makete, na wa pwani yote ya ziwa: ulizeni wazee wenu majina ya pepo, na ya njia, na ya miti, mkayaandike katika daftari. Siku moja mgeni atawauliza, nanyi mtakuwa na jibu. Msipouliza leo, mtakuja kusomewa habari za mlima wenu na mtu aliyeupita siku moja.

Bado misitu ya pande hizo ina mambo yasiyokwisha kujulikana. Mwaka 2003 wataalamu walimwona katika misitu ya Rungwe na ya milima hii ya Livingstone kima aitwaye kipunji, ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu cho chote cha wanyama. Habari zake zilitangazwa duniani mwaka 2005, zikawa ajabu kubwa. Lakini walioongoza wataalamu hao kwanza yalikuwa masimulizi ya wawindaji wenyeji, waliokuwa wakimtaja kwa jina lake siku zote. Hilo latosha kuwa somo.

Chungu tulichokinunua ki mezani petu tunapoandika maneno haya. Hakikupasuka njiani. Upande mmoja wa shingo yake pana alama ya kidole gumba, ndogo, iliyokauka pamoja na udongo. Kijana wetu akija kututembelea hukigeuza ili alama ile ielekee kwake.

 Aendaye Matema na aende salama, naye awaamkie wote kwa ajili yetu.